Kiganja na Tyubu Mbili

"Glavu ni za daktari wa mifugo! Mimi nashika vichwa vya watu, sizalishi ng'ombe!"

Maneno hayo Kiganja aliyasema kwa maikrofoni, ukumbini, mbele ya wasusi wa mji mzima, siku kampuni ya rangi za nywele ilipowaita kuwaonyesha rangi mpya na kuwagawia glavu za bure. Kijana wa kampuni alikuwa amemwekea pakiti mapajani. Yeye akairudisha kama mtu anayerudisha noti iliyochanika, akapanda jukwaani bila kuitwa, akanyanyua mikono yote miwili juu ili hata waliokaa nyuma karibu na choo waione.

"Miaka yote hii natia rangi kwa mikono mitupu. Rangi ingekuwa inauma, hapa ingeshabaki mifupa. Mvi ikisikia jina langu inageuka nyeusi kwa woga!"

Ukumbi ulicheka mpaka kijana wa kampuni naye akacheka, ingawa mshahara wake haukumruhusu.

Jina lenyewe halikuwa la kuzaliwa nalo. Aliitwa Kiganja kwa sababu hakuwahi kushika chanuo kabla ya kukipitishia kichwa kiganja kizima, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, macho kayafumba kama anasikiliza redio. Halafu anatoa hukumu. "Umechoma hizi kwa pasi." "Nani kakuosha kwa sabuni ya nguo?" Wateja walilipa ili wagombezwe. Alifanyia kazi kwenye kiti cha dirishani katika saluni ya dada yake mkubwa, kiti kinachoonekana na kila anayepita barabarani, na alikishika tangu saluni ikiwa na kioo kimoja chenye ufa na drayeri moja inayonguruma bila kukausha. Kutia rangi ndiyo ilikuwa kazi yake. Kusuka walisuka wengine.

Muwasho ulianza mkono wa kulia, kwenye kijia kati ya kidole cha kati na cha pete. Kitu kidogo tu, kama mtu anakubipu. Kiganja akajikuna, akaendelea na kazi. Kesho yake ukabipu tena. Baada ya muda ukaacha kubipu, ukapiga kabisa, na haukukata. Ukahamia na mkono wa kushoto. Ngozi ikatoa vijipele vya maji, vijipele vikapasuka, palipopasuka pakakauka, palipokauka pakachanika. Alijikuna kwa kucha, akajikuna kwa ukingo wa meza, akajikuna kwa brashi ya waya, na brashi ile, Mungu amsamehe, ilikuwa tamu kuliko siku ya mshahara. Utamu wa dakika moja. Baadaye mikono inawaka, na yeye anatembea huku na huku kati ya sinki na mlango kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Maana mtu anayewashwa mikono hana pa kuiweka. Ukiiweka mfukoni inapata joto. Ukiiacha nje inaonekana. Ukiishikanisha, inakunana yenyewe.

Ushauri ulimiminika, kwa kuwa ugonjwa wa ngozi una madaktari wengi kuliko wagonjwa. Shoga yake wa duka la jirani alisema ndimu. Kiganja akapaka ndimu, akarukaruka uani mpaka majirani wakadhani kashinda bahati nasibu. Mwingine akasema dawa ya meno. Mume wake, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache na vumbi jingi, aliinua macho kutoka kwenye kompresa aliyokuwa akiifungua sebuleni.

"Jaribu grisi."

"Kwani mimi friji?"

"Friji lingekuwa limeshapona."

Akanunua krimu duka la dawa, ile ambayo muuzaji anakupa bila kukuangalia. Mikono ikapona, akaimba siku nzima. Krimu ilipoisha ugonjwa ukarudi, na safari hii ulikuja na ndugu zake.

Wateja wakaanza kuona. Mama mmoja mwenye mkoba mwekundu alikaa kwenye kiti cha dirishani, akatazama kwenye kioo ile mikono inavyomkaribia kichwani, akainamisha shingo kidogo, kama anakwepa nyuki.

"Samahani, mdogo wangu. Hiyo mikono… haiambukizi?"

"Ikiambukiza ndiyo vizuri, mama. Utatoka hapa unajua kutia rangi."

Wengine wakacheka. Yule mama hakucheka. Alisema kasahau kitu kwenye gari, akatoka na nywele nusu zimechanwa, na hicho alichokisahau lazima kilikuwa mji wa mbali, kwa sababu gari liliondoka naye.

Dada mtu aliona yote kutoka kwenye meza ya malipo. Ni mwanamke anayetoa maneno kama anayetoa risiti: mafupi, na huwezi kuyarudisha.

"Umemaliza kuchekesha?"

"Dada, ni moto wa jikoni tu huu. Mafuta yaliniru…"

"Wiki iliyopita ulisema pilipili." Akamtazama mikono, hakuigusa. "Kiti hiki kinaonekana kutoka kituo cha basi. Watu wanaiona mikono kabla hawajaliona bango. Mwisho wa mwezi ujao nitaiangalia tena. Ikiwa safi, kiti chako. Isipokuwa safi, anakichukua Binti wa Chuo."

Binti wa Chuo alikuwa msichana mpya, mwenye cheti, kope ndefu, na boksi la glavu za bluu kwenye droo.

"Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja!"

"Ndiyo maana nimekupa mwezi."

Aliyemwonyesha njia ni mteja wake wa siku zote, mwalimu mstaafu, mvi zake zote kazizika Kiganja mwenyewe. "Hospitali kuu, kliniki ya ngozi," Mwalimu alisema chini ya taulo, "wana utafiti. Wanatafuta watu wenye mikono kama hiyo yako."

"Wanatafuta? Kwani wameibiwa?"

Lakini alikwenda. Kliniki ilikuwa na benchi refu, feni inayozunguka kwa kujihurumia, na picha ya ngozi iliyokatwa ubavu ikaonekana kama keki ya tabaka tabaka. Kiganja alikaa, akasimama, akasoma picha, akakaa, akajikuna kwa kona ya benchi. Kaka Nesi, jitu la watu lenye sauti ya ngoma, alimwita ndani kabla hajaimaliza ile kona.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na lenzi yenye taa aliyoishika kama anatafuta sindano iliyopotea. Aliitazama mikono mbele, nyuma, katikati ya vidole. Alichukua muda. Kiganja hakuzoea kutazamwa mikono na mtu asiyekunja uso.

"Kazi yako?"

"Natia rangi nywele."

"Unavaa glavu?"

Kiganja akaangalia dari. Dari lilikuwa safi sana.

"Basi kabla ya kukutibu, tujue adui ni nani," Daktari alisema. "Tutakubandika plasta mgongoni. Kila plasta ina vijisahani vidogo, na kila kijisahani kina tone la kitu: manukato, raba, sabuni, madini, rangi. Mgongo wako unakuwa shamba. Kitakachoota, ndicho kinachokusumbua."

Kaka Nesi akabandika, akachora alama kwa kalamu, akatoa masharti. "Siku mbili usilowanishe mgongo, usijikune, usitoke jasho. Usibebe ndoo. Usicheze muziki."

"Kupumua je?"

"Pumua, lakini bila mbwembwe."

Siku mbili hizo ziliifundisha nyumba nzima maana ya subira, isipokuwa yeye. Alilala kifudifudi, akaamka, akazunguka sebule, akaegemea fremu ya mlango na kulikumbuka sharti la pili mgongo ukiwa umeshagusa mbao. Mume wake alisimama nyuma yake na bisibisi mkononi. "Ukijikuna nakufunga na bolti." Na muwasho haukuwa mgongo mzima. Ulikuwa mahali pamoja tu, chini ya bega la kushoto, kama mtu anayegonga mlango huku anajua umo ndani.

Plasta zilipobanduliwa, Daktari alitazama, akaandika, akamwambia arudi baada ya siku nyingine mbili aangaliwe tena, kwa sababu ngozi nyingine zinachelewa kujibu. Aliporudi, sehemu nyingine zote za mgongo zilikuwa zimelala kimya. Pale chini ya bega la kushoto palikuwa pamevimba, pekundu, na vijipele vya maji juu yake. Kaka Nesi alimpigia picha, akamwonyesha.

"Sema sabuni, dokta," Kiganja alisema. "Nakuomba. Sema ni sabuni."

"Ni rangi nyeusi ya nywele. Kemikali iliyomo ndani, ile inayofanya weusi ushike."

"Haiwezekani! Nimeishika miaka yote. Ingeniuma siku ya kwanza."

"Mzio hauko hivyo. Mwili unavumilia, unavumilia, siku moja unajifunza kukichukia kitu. Ukishajifunza, hausahau."

"Kama wifi yangu," Kiganja alisema.

Alitaka kuondoka. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaondoka. Daktari akamwambia akae, kwa kuwa sasa ndipo unakuja utafiti wenyewe. Kulikuwa na marhamu mbili za mikono, moja ya zamani, nyingine mpya. Walitaka kujua kama hiyo mpya ni bora kweli au ina bei tu. Kila mgonjwa anapewa tyubu mbili: ya kifuniko cheupe kwa mkono wa kulia, ya kifuniko cheusi kwa wa kushoto. Ipi ni ipi, hajui mgonjwa, hajui Nesi, hajui hata Daktari. Anajua mtu mmoja aliye ofisi nyingine kabisa, na haruhusiwi kusema mpaka mwisho.

"Kwa nini msimpe huyu hii na yule ile?"

"Kwa sababu mikono yako miwili inaishi nyumba moja, inakula chakula kimoja, inafanya kazi moja. Hakuna wa kusingizia. Lakini dawa zisikutane. Kulia ni kulia, kushoto ni kushoto." Daktari akampa vijiti bapa vya plastiki vya kupakia. "Paka kwa hivi. Na katika kipindi chote hiki, usiguse rangi kabisa."

Kiganja alikubali, akaweka sahihi, akatoka na tyubu zake mbili. Hesabu aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu: mikono ipone kabla Dada hajaiangalia. Hayo mengine ni ya wasomi.

Kutoshika rangi kulimtesa kuliko muwasho. Alipangiwa kukaa mezani kupokea wateja, na mtu anayekaa mezani pale anakitazama kiti cha dirishani kutwa nzima. Binti wa Chuo alikishika kwa kuazima, na glavu zake za bluu, akitia rangi polepole kama anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Kiganja aliamka, akapanga taulo zilizopangwa. Akafagia palipofagiwa. Akamsogelea.

"Pale kisogoni hujafika."

"Nitafika, dada."

"Utafika lini? Mvi zinazaana huko."

"Kiganja!" Dada aliita kutoka chumba cha nyuma. "Kaa."

Akakaa. Akasimama.

Mikono, lakini, ilikuwa inapona. Nyufa zilijifunga, vijipele vikanywea, muwasho ukarudi kwenye kubipu, kisha simu ikazima. Asubuhi na jioni alipaka dawa yake kwa uaminifu wa muumini. Vijiti vya plastiki aliviacha saluni, vikawa vya kuchotea jeli. Kijiti cha nini? Anabandika vigae?

Siku ya kurudi kliniki alifika mapema, kifua mbele. Benchi lilijaa watu wa utafiti, wote wameweka mikono magotini kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Jirani yake alikuwa mpishi wa hoteli, mwenye tumbo la kazi na mzio wa vitunguu saumu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mbaya. Wa kushoto ulikuwa laini kama wa bwana harusi.

"Huu umeshaoa," Mpishi alisema, akainua wa kushoto. "Huyu mwenzake bado kapera. Hata sabuni inamkataa."

Mwanamke aliyemfuata, mfanya usafi, naye alikuwa na mkono mmoja uliopona na mmoja unaosuasua. Na wa tatu vilevile. Wakamgeukia Kiganja.

"Na wewe, mama? Yupi kaoa?"

Kiganja akaweka mikono yote miwili wazi. Yote imepona. Yote sawasawa, kama imepigwa chapa.

"Yangu haina ubaguzi," alisema kwa sauti ya ukumbini. "Dawa zikikutana na mkono wangu, zote zinatii."

Wakacheka. Mpishi akacheka. Lakini Kaka Nesi, aliyekuwa anapima tyubu zilizorudishwa, hakucheka. Aliutazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto, akarudi kulia.

"Nani mwingine anaitumia dawa hii nyumbani?" Nesi aliuliza.

"Hakuna! Mume wangu ana grisi yake."

"Dawa ya asubuhi umeshapaka?"

"Nilitoka mbio. Bado."

Nesi akampa tyubu zake. "Basi paka hapa, nikuone."

Kiganja akakunja mikono ya gauni. Akafungua kifuniko cheupe, akakamua uzi wa dawa kwenye kiganja cha kulia, vizuri kabisa, kulia kama alivyoagizwa. Na kabla hajafikiri, kabla mtu yeyote kwenye benchi hajavuta pumzi, viganja vyake vikakutana. Vikasuguana, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, vidole vikapita kati ya vidole, haraka haraka, ule msuguo wa msusi anayepasha mafuta kabla ya kushika kichwa. Alifanya hivyo tangu alipojifunza kazi. Mikono yake haikujua njia nyingine ya kupokea kitu laini. Kisha, kwa utulivu wote, akafungua kifuniko cheusi, akakamua upande wa kushoto, na kusugua tena.

Aliinua macho. Benchi zima lilikuwa linamtazama mikono. Feni tu ndiyo iliendelea kujihurumia.

"Loo!" Mpishi alisema. "Huyu kafungisha ndoa ya mitala!"

Daktari aliitwa. Alisikiliza, akakaa kwenye kiti, akajifunika macho kwa kiganja, na mabega yake yakatikisika. Kiganja alidhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa si cheko la furaha tupu.

"Kosa ni letu pia," alimwambia Nesi alipotulia. "Tumempa msusi vijiti, hatukumwambia azuie mikono yake."

"Mnanifukuza?"

"Matibabu utapata kama kawaida. Ila kwenye hesabu za utafiti huwezi kubaki. Mikono yako imekula sahani moja, sitajua nani kashiba nini."

Kwa hiyo mikono iliyopona kuliko yote kwenye benchi lile ndiyo pekee isiyohesabika. Kiganja alisimama, akakaa, akasimama tena. "Sawa. Msinihesabu. Lakini imepona, dokta, si imepona? Naweza kurudi kwenye kiti?"

Daktari akaacha kucheka. "Imepona nusu kwa dawa, nusu kwa kukaa mbali na rangi. Ukiirudia kwa mikono mitupu, hata nikupe madumu ya dawa, hutafikisha wiki. Vaa glavu. Zile ngumu za bluu. Zile nyembamba za ndani ya pakiti ya rangi, hapana, rangi inapenya. Kichwa kimoja, jozi moja, tupa. Usigeuze nje ndani ukavaa tena, nawajua wasusi."

Kiganja alitoka akitembea mbio bila kuwa na haraka ya kufika popote. Glavu. Mbele ya saluni ile ile. Mbele ya dirisha lile lile.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Mwalimu mstaafu alikuja na mvi za mizizini, na hakuzungusha maneno. "Nataka Kiganja."

Dada akatoka mezani. Akashika mikono ya mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akatenganisha vidole kimoja kimoja. Saluni nzima ikazima drayeri.

"Safi," Dada alisema. "Kiti chako. Fanya kazi."

Mwalimu akakaa. Kiganja akafumba macho, akapitisha kiganja kikavu kuanzia kwenye paji mpaka kisogoni, na nywele zikamwambia kila kitu. "Umelala na kitambaa cha sufu, Mwalimu."

"Nimelala nacho."

Hapo hakuna dhambi, nywele kavu hazina rangi mbichi. Ndipo Binti wa Chuo alipoleta bakuli. Harufu ilifika kwanza. Rangi iling'aa nyeusi, nzito, tamu kwa macho, na kati ya kidole cha kati na cha pete, pale pale, mtu akabipu. Labda ni rangi. Labda ni woga. Kiganja alisimama juu ya bakuli, vidole vinafunguka na kujifunga. Barabarani watu walipita, wakatazama dirishani. Watu huwa wanatazama.

Binti wa Chuo akasafisha koo. "Dada, siku ile ukumbini mimi nilikuwepo. Nilikaa nyuma, karibu na choo." Akanyoosha kidole kwenye bakuli. "Tuanze, au tukuitie ng'ombe kwanza?"

Mwalimu akapiga kicheko chini ya taulo, na saluni yote ikamfuata. Kiganja alitafuta jibu. Majibu alikuwa nayo siku zote, mfuko mzima. Akaona hili la ng'ombe ni zuri kuliko yote aliyonayo, na ni lake mwenyewe, limerudi nyumbani. Akafungua droo ya Binti, akatoa jozi ya bluu, akaivaa. Kwenye glavu ya kwanza vidole viwili viliingia tundu moja. Ya pili ilimvuta nywele za kifundo cha mkono. Vidole vikawa viziwi. Akachovya brashi, akagawa nywele, akavuta.

"Unaninyofoa," Mwalimu alisema.

"Nivumilie, Mwalimu. Leo naongea na kichwa chako kwa simu mbovu."

Alitaka kuzivua. Alitaka kuzivua alipofika kisogoni, akataka tena alipofika masikioni, jasho linamkusanyikia kwenye ncha za vidole, muwasho unamgonga, haugongi, unagonga. Hakuzivua. Mizizi ya mwisho ilipokwisha, alizibandua, akazitupa, akajitazama mikono. Mikavu. Myeupe viganjani. Nzima.

"Dada," aliita, "nipe boksi langu la glavu za saluni."

"Glavu za saluni ni za wanaovaa glavu. Wewe za bure ulizikataa kwa maikrofoni." Dada hakuinua kichwa. "Nunua zako. Duka la dawa la kona wanazo, zile za bluu."

"Bei gani?"

"Boksi, elfu kumi na nane."